Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu lugha za Kiaustronesia na watu wake

Haya maswali nimeulizwa mara nyingi mpaka nimeona bora niyaandike sehemu moja. Mi nimekulia Unguja na bibi yangu Madagaska alikuwa anaiita Bukini, basi nilikua najua Bukini ni huko ng'ambo tu, watu kama sisi, basi. Siku moja nimekaa Forodhani na baharia wa Majunga, bandari ya huko Bukini, nikamwambia hebu nihesabie kwa kwenu, akaanza na vidole: iray, roa, telo, efatra, dimy, enina, fito, valo, sivy, folo. Jirani yetu alikaa dada mgeni anakula urojo wake, Mfilipino, akageuka ghafla akasema mbona hizo namba ni zetu! Efatra kwao ni apat, enina ni anim, fito ni pito, valo ni walo. Baharia akashangaa, dada akashangaa, mi ndo nikachanganyikiwa kabisa. Tangu siku hiyo sijaacha kufuatilia.

Kiaustronesia ni kabila gani?

Sio kabila. Ni ukoo wa lugha, kama tunavyosema lugha za Kibantu. Msukuma na Mzulu ni makabila tofauti, nchi tofauti, ila lugha zao zimetoka tumbo moja. Sasa na hawa ndo hivyohivyo: Kimalei, Kiindonesia, Kijava, Kitagalogi cha Ufilipino, Kimalagasi cha Madagaska, Kifiji, Kisamoa, Kitonga cha visiwa vya Tonga, Kimaori cha New Zealand, Kihawaii, mpaka lugha ya Rapa Nui, kisiwa cha Chile kilicho mbali sana baharini. Lugha zake zinafika kama 1,200 na wasemaji ni zaidi ya milioni 350. Kwa wingi wa lugha unazidiwa na ukoo mmoja tu duniani, nao ni wa Niger-Kongo ambao Kiswahili kimo ndani yake, kwa hiyo ukipenda, hizi ndo koo mbili kubwa kuliko zote na zimekutana Madagaska.

Jina lenyewe lilitungwa na padri Mwaustria, Wilhelm Schmidt, akaunganisha neno la Kilatini la upepo wa kusini na neno la Kigiriki la kisiwa. Visiwa vya kusini, ndo maana yake.

Ni sawa na Australia?

Hapana, majina yanafanana tu. Wenyeji wa asili wa Australia wako pale makumi ya maelfu ya miaka na lugha zao ni koo nyingine kabisa. Na sehemu kubwa ya ndani ya Papua Guinea Mpya pia sio Kiaustronesia, pale wapo pembezoni na visiwani tu.

Mnajuaje kama lugha hizi ni ndugu? Si inaweza kuwa bahati tu maneno yamefanana?

Swali zuri, na ndo moyo wa jambo lote. Maneno mawili matatu kufanana ni bahati kweli. Kwa mfano tatu yetu na tatlo ya Kitagalogi, zinafanana ila hazina undugu wowote. Kinachothibitisha undugu ni sauti kubadilika kwa mpango, yaani kila mahali ile ile.

Chukua Kimalei na Kimalagasi. Jiwe kwa Kimalei ni batu, kwa Kimalagasi ni vato. Mwezi ni bulan, kwa Kimalagasi volana. Mamba ni buaya, kule ni voay. Unaona? Kila penye b huku, kule kuna v. Afu ngozi kwa Kimalei ni kulit na kwa Kimalagasi ni hoditra, ukitazama haraka unasema hizi hazijuani hata kidogo, lakini Kimalagasi kina tabia ya kugeuza l kuwa d ikitangulia i, ndo maana hata lima, yaani tano, kule imekuwa dimy. Na k imekuwa h, na t ya mwishoni imekuwa tra kama ilivyokuwa kwenye langit, mbingu, ikawa lanitra. Kwa hiyo kulit na hoditra ni neno moja, limevaa nguo nyingine tu.

Hiyo lima ndo neno langu ninalolipenda kuliko yote. Iko Taiwan, iko Ufilipino, iko Indonesia, iko Samoa na Hawaii, na asili yake ni mkono. Mtu wa Hawaii mpaka leo akisema lima inaweza kuwa mkono au tano, kwa sababu mkono una vidole vitano, watu walikuwa wanahesabu kama alivyonihesabia yule baharia.

Walitokea wapi hawa watu?

Taiwan. Wengi hawaamini kwa sababu ukisema Taiwan wanafikiria kompyuta na simu, ila kabla Wachina hawajahamia kwa wingi pale kuanzia karne ya 17, kisiwa kile kilikuwa cha wenyeji wanaosema lugha za Kiaustronesia, na wapo mpaka leo, serikali inatambua makabila 16, Waamis, Waatayal, Wapaiwan, Wabunun na wengine, jumla kama asilimia 2 na nusu ya watu wote.

Kwa nini Taiwan na sio Indonesia kwenye watu wengi? Kwa sababu ya matawi. Mtaalamu Robert Blust mwaka 1999 aligawa ukoo huu matawi makubwa 10, na 9 kati ya hayo yako Taiwan peke yake, tawi moja lililobaki ndo limebeba lugha nyingine zote kuanzia Madagaska mpaka Rapa Nui. Fikiria mti, pale matawi yanapoanzia kwa wingi ndo penye shina. Akiolojia nayo inaenda hivyohivyo: wakulima walikuwepo Taiwan miaka 5,000 na zaidi iliyopita, kama miaka 4,000 iliyopita wakaingia Ufilipino, wakashuka Indonesia, wakazunguka Papua Guinea Mpya, na kama miaka 3,000 iliyopita walikuwa Fiji, Tonga na Samoa, nyuma yao wameacha vyungu vyenye nakshi za nukta nukta ambavyo wanaakiolojia wanaviita Lapita. Hapo wakatulia muda mrefu. Baadaye sana, kwenye karne ya 11 mpaka ya 13, wakafika Hawaii, Rapa Nui na mwisho New Zealand.

Kwa hiyo ni Wachina?

La. Mababu wa mbali walivuka kutoka bara la China kabla ya yote hayo, ila Kichina ni ukoo mwingine wa lugha, usiwachanganye. Mwamis ukimwita Mchina umemkosea.

Walivukaje bahari kubwa namna ile bila injini wala ramani?

Chombo kwanza. Mtumbwi mtupu ukipigwa na wimbi la pembeni unapinduka, wao wakafunga boriti na mti wa kuelea pembeni, chombo kikakaa imara hata kwenye mtumbwi mwembamba. Mtu wa Nungwi au Kizimkazi haihitaji kuelezewa, ngalawa iko mbele ya macho yake kila asubuhi. Kwa safari ndefu walifunga mitumbwi miwili pamoja na jukwaa katikati, wakapakia familia, mbuzi hapana, ila nguruwe, kuku, mbwa, majimbi, viazi vikuu, ndizi na miche ya minazi.

Njia wakaisoma kwenye nyota, mawimbi na ndege. Wanajua nyota ipi inachomoza juu ya kisiwa kipi, na mchana wanahisi mawimbi makubwa yanatokea upande gani. Watu walibisha sana kama inawezekana, wakasema walisukumwa na upepo tu kwa bahati. Mwaka 1976 Wahawaii wakatoa chombo chao Hokuleʻa, bila dira wala mashine yoyote, kutoka Hawaii mpaka Tahiti, zaidi ya kilometa 4,000, akiongoza Mau Piailug, mzee wa kisiwa kidogo cha Satawal huko Mikronesia, na wakafika. Huyu mzee alikubali kuwafundisha watu wasio wa kisiwa chake elimu ambayo kwao ilikuwa siri ya ukoo, maana aliona vijana wa nyumbani hawaichukui na itazikwa naye. Alifariki 2010 na leo wapo Wahawaii wengi wanaoendesha kwa nyota. Mi nikisoma habari zake machozi yananilengalenga, nawakumbuka manahodha wetu wa majahazi waliofariki na nyota zao vichwani.

Na kuhusu nyota, kile Kilimia ambacho wazee wetu walikitazamia msimu wa kulima, Wamaori wanakiita Matariki na kikichomoza ndo mwaka wao mpya, tangu 2022 ni sikukuu rasmi New Zealand. Mata ni macho, ariki ni chifu, macho ya chifu. Wahawaii wanakiita Makaliʻi, macho madogo. Mata kwa Wamaori, maka kwa Wahawaii, maso kwa Wamalagasi, na ukienda Taiwan kwa Waamis unaikuta mata.

Walifikaje Madagaska? Mbona Indonesia ni mbali sana?

Mbali kweli, kama kilometa 7,000. Ila lugha haina ubishi. Mwaka 1603 Mholanzi Frederick de Houtman, aliyekaa kifungoni Aceh, Indonesia ya leo, akajifunza Kimalei, alichapa kamusi yenye Kimalei na Kimalagasi pamoja, kwa hiyo kufanana kwake kumejulikana miaka zaidi ya 400. Afu 1951 Mnorwe Otto Christian Dahl akaonyesha jirani hasa: Kimalagasi kinafanana zaidi na Kimaanyan, lugha ya watu wa bonde la mto Barito, kusini mwa kisiwa cha Borneo. Hapa pana fumbo, maana Wamaanyan ni watu wa bara, wanalima na kuvua mtoni, sio mabaharia. Wataalamu wengi wanaona walikuja kwenye vyombo vya Wamalei, na kweli maneno mengi ya bahari kwenye Kimalagasi yametoka Kimalei, kwa mfano matumbawe, harana, kwa Kimalei karang.

Mwaka 2012 ukatoka utafiti wa DNA unaokadiria kwamba mwanzo wa jamii ile ni kama wanawake 30 tu, wengi wao wa asili ya Indonesia, kama miaka 1,200 iliyopita. Thelathini! Ni wachache kuliko abiria wa daladala iliyojaa.

Kitu kingine kilichonimaliza ni upepo. Kwa Kimalei magharibi ni barat na mashariki ni timur. Kwa Kimalagasi maneno haya haya yapo, avaratra na atsimo, ila avaratra ni kaskazini na atsimo ni kusini. Wamepotea? Hawajapotea. Yale yalikuwa majina ya pepo za msimu, ule wa mvua na ule wa kiangazi, na walipofika upande huu wa bahari pepo zilezile zinavuma kutoka pande nyingine, jina likabaki na upepo, pande ndo zikahama. Sasa na sisi kaskazini na kusini tumezitoa wapi? Kwenye kaskazi na kusi. Watu wawili wa bahari moja wamezipa pande za dunia majina ya pepo zao.

Ina maana Wamalagasi sio Waafrika?

Hili swali linaniuma kidogo nikilisikia, kwa sababu wakati mwingine linaulizwa kwa dharau, na pande zote mbili. Wamalagasi wana mababu wa Afrika na wa Asia pamoja, pwani damu ya Afrika ni nyingi zaidi, nyanda za juu kwa Wamerina ya Asia inazidi kidogo, lakini hakuna kabila pale lisilokuwa na vyote viwili. Na lugha inasema wazi nani alileta nini. Wali, mtumbwi, mbingu, majina ya Kiasia. Ila njoo kwenye zizi: ng'ombe ni omby, kondoo ni ondry, mbuzi ni osy, kuku ni akoho, mbwa ni amboa, punda ni ampondra, kanga ni akanga. Soma tena taratibu kwa sauti. Hawa wanyama walivuka na watu wetu wa pwani ya Afrika, na mfugaji ndo alimfundisha mwenzake jina. Siku za wiki nazo wamepata kwa Waarabu na Waislamu wa pwani kama sisi: Alhamisi ni Alakamisy, Ijumaa ni Zoma.

Na huku kwetu bara na Zanzibar walifika?

Kufika walifika. Nahodha wa Kiajemi Buzurg ibn Shahriyar aliandika kwamba mwaka 945 watu wa Waqwaq walikuja na vyombo kama elfu moja kushambulia Qanbalu, mji ambao wengi wanaamini ulikuwa Pemba, wakitafuta pembe za ndovu, magamba ya kasa, ngozi za chui, ambari, na watumwa. Wataalamu wengi wanaona hao walitoka upande wa Indonesia.

Kukaa na kuacha kijiji kinachosema lugha yao huku bara, hapo ushahidi hakuna. Mwaka 2016 watafiti walichapisha uchambuzi wa masalia ya mimea kutoka maeneo 18 ya kale, na pwani ya bara walikuta mtama, uwele na ubuyu, vyakula vyetu, lakini Komoro na Madagaska wakakuta mchele wa Asia, choroko na pamba. Yaani mpaka ulikuwa baharini.

Ngalawa yetu, yenye mbawa pande mbili, wengi wanaona ni mkono wao, kwa sababu aina hiyo ya mbawa mbili iko Indonesia na iko huku. Minazi pia, utafiti wa DNA wa 2011 ulikuta minazi ya Madagaska na Komoro imechanganya damu ya minazi ya Bahari ya Hindi na ile ya Pasifiki, na mnazi wa Pasifiki haukuja wenyewe.

Mambo ya karibu zaidi tunayajua wenyewe. Mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19 Wasakalava na Wabetsimisaraka walivuka kuvamia Komoro na pwani yetu, na wazee wa Mafia wanasema mji wa Kua kisiwani Juani uliangushwa na Wasakalava, magofu yapo mpaka leo. Unguja tuna ngoma ya kibuki na pepo wake ni wa Bukini. Na Mayotte kuna vijiji vinavyosema Kibushi, ambacho ni Kimalagasi kabisa, jirani na wasemaji wa Kikomoro ambacho ni ndugu wa Kiswahili.

Mbona nikisikia Waindonesia wanaongea nasikia maneno ya Kiswahili?

Unasikia kweli, ila huo sio undugu, tulinunua duka moja. Mwindonesia anakusalimia apa kabar, na kabar ni hiyohiyo habari. Karatasi kwao ni kertas, hakimu ni hakim, dunia ni dunia. Hayo ni ya Kiarabu. Meza kwao ni meja na bendera ni bendera hivyohivyo, hayo ni ya Wareno waliopita kwetu wakaenda kwao.

Tabu ya Kiswahili na ile ya "mwiko" inayotajwa na Wazungu ni moja?

Hapana. Yetu ni ya Kiarabu, uchovu na mashaka. Ile Wazungu waliichukua Tonga, tapu, kitu kilichokatazwa kwa sababu ni kitakatifu. Hata neno lao la kuchanja chale kwa wino limetoka huko Polinesia, tatau.

Lugha ipi ina watu wengi?

Kwa lugha ya mama ni Kijava, watu makumi ya mamilioni. Ila Indonesia yenye lugha kama 700 haikuchagua Kijava. Tarehe 28 Oktoba 1928 vijana waliapa kuwa na taifa moja na lugha moja ya umoja, wakashika Kimalei na kukiita Kiindonesia, kwa sababu kilikuwa lugha ya biashara bandarini, hakimtukuzi kabila kubwa juu ya wengine. Mtanzania hilo analielewa bila kufafanuliwa.

Sarufi yake ngumu?

Inategemea. Kiindonesia ni rahisi kuanza, hata wingi ni kurudia neno, orang ni mtu na orang-orang ni watu, na polepole ni pelan-pelan. Kimalagasi kinageuza mpangilio, mihinana vary ny zaza, neno kwa neno ni anakula wali mtoto, mtendaji anakuja mwisho.

Kitu ninachowaonea wivu ni "sisi" yao. Mgeni yuko sebuleni, wewe unasema tunaenda kula, sasa yeye yumo au hayumo? Kwa Kiswahili anabaki anatazama miguu. Kiindonesia kina kita, sisi pamoja na wewe, na kami, sisi bila wewe. Kimalagasi ni isika na izahay, Kitagalogi ni tayo na kami. Karibu ukoo mzima unatofautisha.

Walifika Amerika?

Walikutana na watu wa huko, hilo sa hivi lina ushahidi. Viazi vitamu asili yake ni Amerika lakini vilikuwepo Polinesia kabla ya Wazungu, Wamaori wanaviita kumara na jina hilo linafanana na la watu wa Andes. Utafiti wa DNA wa 2020 ulionyesha damu zilichanganyika karibu mwaka 1200.

Hizi lugha zinakufa?

Nyingi, ndio. Na kinachoumiza ni kwamba zinazokufa haraka ni za Taiwan, zile za shinani, kadhaa zimeshanyamaza na nyingine zimebaki na wazee wachache. Hawaii shule zilipigwa marufuku kufundisha kwa Kihawaii mwaka 1896 na watoto wakaadhibiwa kwa kusema lugha ya mama yao. Wamaori ndo walionyesha njia: 1982 wakaanzisha kohanga reo, maana yake kiota cha lugha, bibi na babu wanakaa na watoto wadogo na hakisemwi kitu kingine ila Kimaori, mwaka 1987 kikawa lugha rasmi, na Wahawaii wakaiga 1984 na viota vyao vya Punana Leo. Wamefanikiwa kupata watoto wanaoota kwa lugha ile.

Nikitaka kujifunza moja nianze na ipi?

Ukitaka matumizi, Kiindonesia. Ukitaka jirani, Kimalagasi, na mtu wa Majunga au Komoro haumkosi bandarini. Anza na moja mpaka kumi, mwambie akuhesabie kwa vidole vyake, na akifika kwenye dimy mtazame mkono umefunguka wote.